KURA YA LAZIMA? TUANZE KWANZA NA WALIOBAKI NYUMBANI

Salaam kutoka Singida Mjini, mji wa upepo, alizeti na kuku wa kienyeji. Leo nina mada moja tu ila ni ndefu kidogo, kwa hiyo kama uko kafe na umelipia nusu saa, soma hii kwanza, mengine utafungua baadaye.

Kuna hoja naisikia sana vijiweni hapa mjini. Inasema hivi: watu hawaendi kupiga kura, ndiyo maana vyama vilevile vinashinda na vilevile vinashindwa. Basi itungwe sheria! Kila mwenye kitambulisho cha mpiga kura apige kura kwa lazima, asiyepiga alipe faini. Mbona Australia wanafanya hivyo?

Hoja nzuri kuisikia. Mimi naipinga, ila sio kwa sababu zile za kawaida za "kura ni haki sio wajibu". Naipinga kwa sababu inatibu ugonjwa ambao sio wetu. Ili tuelewane, tuanze na hesabu. Namba zote ni zilezile za Tume, sijaongeza langu.

CHAMA AMBACHO HAKINA BENDERA

Mwaka 2005 Kikwete alishinda kwa kishindo, asilimia 80. Alipata kura milioni 9.12. Wapinzani wote kwa pamoja, kina Lipumba, Mbowe na wenzao, walipata kama milioni 2.24. Waliojitokeza walikuwa asilimia 72 ya walioandikishwa.

Mwaka 2010 Kikwete huyohuyo akarudi. Safari hii akapata kura milioni 5.28. Yaani zilipotea kura milioni 3.8 ndani ya miaka mitano! Sasa swali la kujiuliza: zilikwenda wapi?

Watu wengi watakwambia zilikwenda kwa Dk. Slaa. Si ndiyo mwaka ule CHADEMA ilivuma kila kona? Lakini piga hesabu mwenyewe. Slaa alipata milioni 2.27, Lipumba kama laki saba, na ukiwajumlisha wapinzani wote unapata milioni 3.12. Kutoka 2.24 mpaka 3.12 ni nyongeza ya kama laki tisa tu. Chama tawala kilipungukiwa kura milioni 3.8, upinzani ukaongeza laki tisa. Hata kama hizo laki tisa zote zilitoka CCM, bado karibu milioni tatu hazikwenda kwa mtu yeyote. Zilibaki nyumbani.

Mwaka ule walioandikishwa walikuwa milioni 20.1, waliopiga kura ni milioni 8.6. Asilimia 42.8. Waliobaki ni milioni 11.5, zaidi ya mara mbili ya kura za mshindi. Kama kubaki nyumbani ingekuwa chama, kingeingia Ikulu asubuhi na mapema.

Tusiwaonee wote. Daftari la mwaka ule lilikuwa na majina ya marehemu na ya watu waliohama. Wanafunzi wa vyuo vikuu wengi walijiandikisha chuoni, halafu vyuo vikafunguliwa baada ya uchaguzi, wakajikuta wako kwao na kura zao ziko Dar. Sheria inakutaka upige kura pale ulipojiandikisha. Lakini ukiwatoa hao wote, bado unabaki na mamilioni ya watu wazima waliokuwa na kadi mfukoni wakaamua kulala.

Twende 2015. Magufuli milioni 8.88, Lowassa milioni 6.07. Waliojitokeza asilimia 67. Mara moja upinzani ukaongeza kura karibu mara mbili ndani ya miaka mitano. Angalia na upande wa pili: CCM nayo ikaongeza milioni 3.6. Maana yake wale waliolala 2010 waliamka, wakaenda pande zote mbili. Kwa nini waliamka? Kwa sababu kwa mara ya kwanza mtu wa kawaida aliona mchezo unaweza kwenda popote. Na bado, waliobaki nyumbani walikuwa milioni 7.5, wakati tofauti ya Magufuli na Lowassa ilikuwa milioni 2.8 tu.

Halafu 2020. Daftari likapanda mpaka milioni 29.7, yaani nyongeza ya watu milioni sita na nusu, wengi wao vijana kama wewe. Waliopiga kura? Milioni 15.09. PUNGUFU ya mwaka 2015. Kwa takwimu hizo za Tume, Magufuli akapata milioni 12.5, Tundu Lissu milioni 1.9. Upinzani wakazikataa, wakasema mawakala walizuiwa na kura zilichakachuliwa. Hata ukichukua namba za Tume zilivyo, nusu ya walioandikishwa hawakufika kituoni.

VYAMA HUSHINDWAJE?

Tumezoea kufikiri kwamba chama hushindwa pale mwanachama wake anapohamia upande mwingine. Inatokea, ila mara chache. Mtu aliyevaa kijani miaka ishirini haamki asubuhi moja akavaa gwanda. Anachofanya ni kitu kidogo zaidi: anaacha kwenda. Hagombani na mtu, hatoi tamko, anakwenda shamba kama siku nyingine. Chama hakijui kimempoteza mpaka siku ya kuhesabu. Hicho ndicho kilichoipata CCM mwaka 2010.

Upinzani nao una njia zake za kushindwa. Ya kwanza ni kugawana. Wakenya wanaijua hii vizuri. Mwaka 1992 Moi alishinda kwa asilimia 36 tu, wakati Matiba, Kibaki na Jaramogi Odinga kwa pamoja walikuwa na zaidi ya 60. Miaka kumi baadaye, 2002, walipokaa chini ya mwamvuli mmoja wa NARC, Kibaki akachukua nchi kwa asilimia 62. Somo limekaa palepale. Sisi hapa UKAWA ya 2015 ilikuwa jaribio la namna hiyo, na lilizaa zile kura milioni 6.

Njia ya pili ni kukodi nahodha. Lowassa aliingia CHADEMA Julai 2015, Dk. Slaa akaondoka. Machi 2019 Lowassa huyo akarudi CCM. Sisemi alikosea au hakukosea. Nasema jiweke kwenye viatu vya kijana aliyepanga foleni tangu saa kumi na moja alfajiri kumpigia mtu, halafu anamwona kwenye TV anarudi kulekule. Mwaka 2017 na 2018 wabunge na madiwani wakawa wanahama kila wiki, wanasema wanakwenda "kuunga mkono juhudi". Huku kwetu ikawa kinyume: Lazaro Nyalandu, mbunge wa Singida Kaskazini tangu mwaka 2000, alijiuzulu CCM Oktoba 2017 akaenda CHADEMA, na mwaka 2021 akarudi CCM. Mpiga kura akiona wakubwa wanabadilishana jezi dakika ya sabini, anajiuliza yeye anashangilia nini.

Njia ya tatu ndiyo mbaya zaidi kwa sababu haionekani: kuwa chama cha jukwaani. Mkutano unajaa, helikopta inatua, vumbi linatimka, watu wanaimba. Halafu siku ya kura kwenye mtaa mzima hakuna wakala aliyelipwa hata nauli, hakuna anayejua ni nani kaenda na nani hajaenda. CCM ina balozi wa nyumba kumi tangu enzi za TANU. Balozi hana helikopta, lakini anajua mama fulani anaumwa mguu na anahitaji kusindikizwa kituoni. Kura inatafutwa nyumba kwa nyumba, jamani.

NJOO SASA HAPA SINGIDA

Mkoa wetu ni darasa zima. Hapa Singida Mjini ubunge haujatoka CCM. Kuanzia 2005 hadi 2015 alikuwa Mohammed Dewji, MO mwenyewe, halafu akaja Mussa Sima. Ukitoka mjini kilomita chache kwenda Ikungi, unakuta kwao Tundu Lissu, ambaye alichukua Singida Mashariki kwa CHADEMA mwaka 2010 na akalitetea 2015. Wanyaturu walewale, alizeti ileile, barabara ileile ya kwenda Manyoni, lakini kura tofauti. Kwa hiyo anayesema "watu wa huku ni wa kijani tu tangu kuzaliwa" ajibu kwanza habari ya Ikungi.

Sasa angalia kilichofuata. Januari 2018 ukafanyika uchaguzi mdogo Singida Kaskazini baada ya Nyalandu kuondoka. CHADEMA ikasusa, kwa sababu ya vurugu za uchaguzi wa madiwani wa Novemba 2017. Justin Monko wa CCM akachukua jimbo.

Juni 2019 Spika Ndugai akatangaza kiti cha Lissu kuwa wazi, wakati Lissu mwenyewe yuko Ubelgiji anatibiwa risasi alizopigwa Dodoma Septemba 2017. Ukaitishwa uchaguzi mdogo uliotakiwa kufanyika Julai 31. Haukufanyika. Miraji Mtaturu wa CCM alitangazwa kupita bila kupingwa. Yaani kwenye jimbo lililokuwa na ushindani mkali kuliko yote mkoani, hakuna mwananchi hata mmoja aliyeulizwa. Waliojitokeza: sifuri. Hapo utampiga nani faini?

Ndiyo maana nasema ukizungumzia kujitokeza peke yake umeongea nusu ya jambo. Kabla ya kuuliza "kwa nini hukuja?", uliza "ningekuja kuchagua nini?"

AUSTRALIA NI MBALI, ILA TUISOME

Tuwatendee haki wenye hoja ya kura ya lazima. Australia mwaka 1922 walijitokeza chini ya asilimia 60. Mwaka 1924 bunge lao likapitisha sheria ya lazima. Uchaguzi uliofuata, 1925, wakafika zaidi ya asilimia 91! Tangu hapo wamekuwa wakizunguka kwenye 90 karibu miaka mia moja. Faini yenyewe ni dola 20 za kwao, sio kitu cha kumfilisi mtu. Ubelgiji walianza mapema zaidi, 1893. Brazil nao wana lazima kwa mtu wa miaka 18 mpaka 70.

Na kuna faida ya kweli. Kila mtu akijua atapiga kura, chama hakiwezi kuwasahau maskini na vijana kwa kisingizio kwamba "hao hawaendi". Hiyo naikubali.

Lakini tazama Waaustralia wanachompa mtu kabla ya kumdai. Wanapiga kura Jumamosi. Akiwa safarini, anapiga mapema, kwa posta, au kwenye kituo kingine. Matokeo yanaaminika. Ukipewa yote hayo ukabaki nyumbani, basi kweli ni uvivu, na dola 20 zinatosha kukuamsha.

Sasa njoo Misri, bara letu hilihili. Sheria yao nayo ina faini kwa asiyepiga kura, pauni 500 za kwao. Mwaka 2018 Sisi aligombea na mtu mmoja tu, Moussa Mostafa Moussa, baada ya wagombea wazito kukamatwa au kujitoa. Faini ikatangazwa. Pamoja na vitisho hivyo walijitokeza asilimia 41. Na kati ya waliokwenda, zaidi ya watu milioni 1.7 waliharibu kura zao. Moussa, mshindi wa pili, alipata kama laki sita na nusu. Kwa hiyo aliyeshika nafasi ya pili kwa kweli ni KURA ILIYOHARIBIKA. Sheria inaweza kuupeleka mwili kituoni, ila mkono ukishaingia kwenye kile kiboksi cha kupigia kura, hakuna mgambo anayeingia nao.

Nimetaja mgambo kwa makusudi. Faini hiyo hapa kwetu angekusanya nani? Waulize wazee kuhusu kodi ya maendeleo, ile watu waliyoita kodi ya kichwa, iliyofutwa 2003. Kulikuwa na watu wazima wanalala porini wakisikia mgambo wa kata wanapita. Ukileta kura ya lazima leo, atakayekamatwa ni mama muuza ndizi na kijana wa bodaboda. Mwenye gari atakuwa na cheti cha daktari.

Na kijana wa Singida mwenyewe yuko wapi siku ya kura? Mmoja kajiandikisha Mandewa, kazi kaipata Kariakoo. Mwingine kajiandikisha Unyankindi, yuko Arusha anauza viatu. Nauli ya kwenda na kurudi ni mtaji wake wa biashara. Huyo humwiti mvivu, kura yake imefungwa kamba kwenye kituo ambacho hayupo.

KUSUSA JE?

Hapa ndipo ubishi ulipo mkali, na mimi sitaki kuukwepa.

Huko jirani Tabora, Januari 1958, TANU walikutana wakiwa na swali hilihili. Mkoloni alikuwa ameleta uchaguzi wa kura tatu. Ili uandikishwe ulitakiwa uwe na elimu fulani au kipato fulani, na ukifika kituoni ulilazimishwa kuchagua watu watatu: Mwafrika mmoja, Mzungu mmoja na Mwasia mmoja. Ukichagua mmoja tu, kura yako imeharibika. Ebu fikiria, kura ya lazima ya namna yake! Wengi pale walitaka kususa. Nyerere akawashawishi waingie, kwa hoja kwamba wakisusa viti vitachukuliwa na chama cha UTP kilichopendwa na serikali. Zuberi Mtemvu hakukubali, akatoka akaunda chama chake cha ANC. TANU wakaingia, wakawaunga mkono hata Wazungu na Waasia waliokubaliana nao, na uchaguzi wa 1958 na 1959 wagombea wao wakafagia. Uhuru ukaja 1961. Mwaka 1962 Mtemvu akagombea urais dhidi ya Nyerere, hakufikisha hata asilimia 2.

Mashariki kwa maji kidogo, Zanzibar, CUF walisusa uchaguzi wa marudio wa Machi 2016, baada ya Jecha kufuta ule wa Oktoba 2015. Dk. Shein akapata asilimia 91, na CUF ikabaki nje ya Baraza la Wawakilishi. Kenya, Oktoba 2017, Raila alisusa marudio. Waliojitokeza wakaanguka kutoka kama asilimia 79 za Agosti mpaka kama 39, Uhuru akapata 98, akaapishwa, akatawala miaka yake mitano. Kwenye mpira ukisusa mechi mwenzako anapewa pointi tatu na magoli matatu. Hakuna anayesimamisha ligi.

Basi kususa ni upuuzi? Ngoja. Mfano wa 1958 unatajwa sana, lakini wengi wanasahau kitu kimoja: yule Mwingereza, pamoja na ubaguzi wake wote, kura alizihesabu. Aliyeshinda alitangazwa. TANU walikubali sheria mbovu kwa sababu walijua hesabu itakuwa ya kweli. Ondoa hilo, uamuzi wa Tabora unabaki bila miguu. Kwa hiyo swali la kumuuliza anayesusa na anayeshiriki ni moja: je, kura itahesabiwa? Kama itahesabiwa, hata uwanja uwe na mteremko, ingia ucheze. Kama haihesabiwi, kazi ya kwanza ni kupigania hesabu.

OKTOBA 29, 2025

Sasa tufike pale ambapo wengi hamtaki tufike. CHADEMA walisema bila mabadiliko hakuna uchaguzi. Aprili 2025 mwenyekiti wao Lissu, mtoto wa Ikungi, akakamatwa na kushtakiwa kwa uhaini. Mwezi huohuo Tume ikasema chama chao hakitashiriki kwa kuwa hakikusaini kanuni za maadili. Luhaga Mpina wa ACT Wazalendo naye akaondolewa kwenye urais. Siku ya kura kukawa na maandamano, intaneti ikazimwa nchi nzima, watu wakauawa. Novemba 1 ikatangazwa kwamba Rais Samia kashinda kwa asilimia 97.66, na waliojitokeza ni asilimia 87.

Asilimia 87! Kutoka 50 ya mwaka 2020. Hiyo ni karibu na Australia, tena bila faini, bila kura ya posta. Waangalizi wa SADC walisema sehemu nyingi wapiga kura hawakuweza kuonyesha matakwa yao, na wale wa Umoja wa Afrika wakasema uchaguzi haukufikia viwango vyao. Serikali nayo baadaye mwezi huohuo iliunda tume ya uchunguzi wa vurugu chini ya Jaji Mkuu mstaafu Chande Othman.

Mimi sitakwambia uamini nini, kila mtu anajua foleni ya kituo chake ilikuwaje. Ninachosema ni kwamba baada ya mwaka ule, idadi ya waliojitokeza imepoteza maana yake kwetu. Zamani namba ndogo ilikuwa kengele kwa chama tawala na kwa wapinzani. 2010 kengele ililia, 2015 kila mmoja akajirekebisha. Namba ikiwa kubwa kiasi hicho, kengele inalia vipi? Hata CCM wenyewe wanapata hasara hapo. Watajuaje ni mtaa gani umewachoka? Kwenye uchaguzi wa chama kimoja wa 1965, mgombea mwenye jembe na mgombea mwenye nyumba walipambana, na Paul Bomani, waziri wa fedha mzima, akaangushwa na wananchi. Chama kilikuwa kimoja lakini mwananchi aliondoka kituoni anajua kamtoa mtu. Hicho ndicho kinachomwamsha mtu alfajiri, sio faini.

TUFANYE NINI?

Najua utasema "mwandishi umelalamika, toa dawa". Haya, nina nne.

Kwanza, kura imfuate mtu. Kitambulisho kina alama za vidole na picha tangu 2015. Kijana wa Mandewa aliyeko Kariakoo anashindwaje kumpigia kura ya urais palepale alipo? Kwa ubunge na udiwani sawa, arudi kwao. Lakini rais ni wa nchi nzima.

Pili, matokeo ya urais yapelekwe mahakamani. Katiba yetu ibara ya 41(7) inasema akishatangazwa basi. Kenya Septemba 2017 mahakama ilifuta. Malawi Februari 2020 mahakama ilifuta, wakarudia Juni, Chakwera wa upinzani akashinda. Mtu akijua kura yake ina pa kulilia, ataitafuta kadi yake ilipo.

Tatu, mgombea binafsi. Mchungaji Mtikila alishinda kesi hiyo kwenye Mahakama ya Afrika pale Arusha mwaka 2013, na akafariki 2015 bila kuiona ikitekelezwa. Leo bado lazima udhaminiwe na chama. Wakigombana wakubwa wa vyama, wewe mpiga kura unakosa mtu wa kumchagua.

Nne, na hii haihitaji bunge: mtaa. Mwenyekiti wa mtaa ndiye anayekuandikia barua ya mkopo, ya dhamana, ya kitambulisho cha NIDA. Uchaguzi wake ndio unaodharauliwa kuliko yote. Mwaka 2014 upinzani uliongeza mitaa mingi, na 2015 ikawa vile ilivyokuwa. Mwaka 2019 wagombea wao wengi walienguliwa, wakajitoa, CCM ikachukua zaidi ya asilimia 99. Mwaka 2024 ikawa karibu vilevile. Anayetaka kushinda 2030 bila kuwa na watu wa mtaa wa 2029 anajenga nyumba kuanzia paa. Na kuenguliwa mara nyingi kunaanzia kwenye fomu: jina limekosewa, muhuri haupo, fomu imeletwa saa imepita. Vijana mliosoma sheria na ualimu mko mtaani hamna kazi, kaeni na wagombea wa mtaa wenu, wa chama chochote, muwasaidie kujaza. Kuna watakaoenguliwa hata hivyo, najua. Ila isiwe kwa kosa letu.

Nikirudi kwa mwenye hoja ya faini: ndugu yangu, ukiona mkutano wa ukoo wako hauna watu, huanzi kwa kuwatoza faini. Unauliza mara ya mwisho waliposema, nani aliwasikiliza. Waliobaki nyumbani 2010 walikuwa wanatuambia kitu, na 2015 wakaonyesha kwamba wakiona kuna mechi wanakuja uwanjani kwa miguu yao.

Naomba kuwasilisha. Wanaotaka kura ya lazima waje na hoja, matusi hapana. Na wewe unayesoma: mara ya mwisho ulipiga au hukupiga, na kwa nini? Andika hapo chini, taja na mtaa wako.